Corolla 110: mafuta ya breki yanapungua lakini chini hakuna hata tone. Yanakwenda wapi?

Korola_ya_Babu

Wakuu habari za jioni. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, otomatiki, mbele diski na nyuma dramu. Taa ya hendibreki imeanza kuwaka nikikata kona kali, kisha inazima yenyewe. Nimefungua boneti nikakuta mafuta ya breki yako chini ya alama ya MIN. Nikajaza hadi juu. Haikupita muda mrefu yakashuka tena.

Nimelaza boksi chini ya gari usiku kucha, asubuhi boksi kavu. Gari linashika breki, ila pedali imekuwa laini, na nikiwa kwenye foleni nimeikanyaga naisikia inashuka taratibu. Fundi wa mtaani kwangu anataka tubadilishe masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali), kalipa zote mbili (zinazobana diski za mbele) na wili silinda za nyuma (pampu ndogo ndani ya dramu) kwa mpigo mmoja. Sina ugomvi naye, ila ningependa kujua kinachovuja kabla sijafungua pochi. Msaada tafadhali.

Spana_Kumi

Mkuu karibu. Usinunue kitu chochote kwa sasa.

Mafuta ya breki yakiwa ndani ya mfumo wake hayaungui kama oili ya injini. Yakipungua kwenye kidumu, ama pedi za mbele zimelika, pistoni za kalipa zikasogea nje na mafuta yakaenda kujaza nafasi ile, ama yanatoka nje ya mfumo. Hili la kwanza hutokea polepole sana, kwa miezi, na ukifunga pedi mpya yanapanda tena. Kwa kuwa wewe umejaza na yakashuka muda si mrefu, lako ni la pili.

Taa kuwaka kwenye kona ni kwa sababu ndani ya kidumu kuna boya. Mafuta yakiwa kidogo na gari likilala upande, boya linashuka na taa inawaka. Taa hiyo ndiyo hiyo hiyo ya hendibreki, na ndiyo maana watu wengi huipuuza wakidhani swichi ya hendibreki imechoka.

Nijibu haya: pedi za mbele zina unene gani? Umekagua ndani ya matairi ya nyuma, ule upande unaotazama uvungu? Zulia la dereva chini ya pedali lina unyevu? Na ukiwasha gari asubuhi, eksozi inatoa nini?

Mzee_wa_Njia_Fupi

Mnamzungusha bure kijana. Mimi nina pikapu, kila ikipungua naongeza hidroliki ya gia otomatiki, ile nyekundu. Bei rahisi na haipungui haraka. Breki ni presha tu, mafuta ni mafuta.

Spana_Kumi

Mzee, kwa heshima zote, hapo hapana. Na wanaosoma uzi huu wasijaribu.

Rabba za mfumo wa breki wa magari yetu zimetengenezwa kukaa na mafuta ya breki ya glaikoli, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1. Oili yoyote inayotokana na mafuta ghafi, iwe ya injini, ya gia au ya stelingi, inazivimbisha na kuzilegeza. Haipungui haraka kwa sababu rabba zimefura zikabana! Baadaye pistoni hazirudi, breki zinashikilia zenyewe, magurudumu yanachemka, na mwisho rabba zinachanika. Fungua kifuniko cha kidumu uangalie ile rabba yake ya ndani. Ikiwa imetanuka na haikai tena kwenye nafasi yake, oili imeshaingia.

Mfumo ulioingiliwa na oili haurekebishwi kwa kumwaga na kujaza upya. Kila chenye rabba kinabadilishwa: masta, kalipa, wili silinda na hozi zote, na paipu za chuma zinasafishwa. Pikapu yako mzee ndiyo inayohitaji uzi wake.

Mama_Vitz

Samahani naingilia. Nikiona unyevu kwenye tairi nitajuaje kama ni mafuta ya breki au ni oili nyingine? Mimi zote naziona sawa.

Spana_Kumi

Dada, swali zuri. Chukua glasi ya maji safi, dondoshea tone la hicho ulichokiona. Mafuta ya breki yanayeyuka na kupotelea kwenye maji. Oili ya injini, ya gia au ya stelingi inaelea juu na kufanya utando wa rangi rangi. Grisi haiyeyuki kabisa. Hata kwa kidole unahisi: mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza, na ukisuuza kwa maji yanaondoka.

Yanakula rangi ya gari pia. Yakikumwagikia kwenye bodi usifute kwa kitambaa kikavu, mwagia maji mengi hapo hapo.

Korola_ya_Babu

Shukrani mkuu. Majibu: pedi nimebadilisha mwaka huu, bado nene. Zulia ni kavu. Tairi la nyuma kulia, ukutani upande wa ndani, lina alama nyeusi kama maji yaliyotiririka yakakauka na vumbi. Nimefanya ile ya glasi, limeyeyuka.

Eksozi: asubuhi inatoa moshi mweupe kidogo, unaisha gari likipata moto. Nilikuwa nadhani ni baridi.

Gasketi_Imeungua

Moshi mweupe = silinda hedi gasketi, ile ya juu ya injini, imeungua. Achana na breki, shusha hedi kwanza.

Spana_Kumi

Tusishushe hedi ya mtu kwa sababu ya moshi wa asubuhi. Mkuu, angalia maji ya rejeta. Kama hayapungui na oili haijawa na rangi ya chai ya maziwa, hedi iache. Moshi huo nautilia shaka nyingine, nitaurudia. Anza na gurudumu la nyuma kulia kwa sababu hapo una ushahidi.

Weka gari sehemu tambarare, zuia matairi ya mbele kwa mawe au magogo, achia hendibreki, inua kwa jeki na uweke stendi. Jeki peke yake usiiamini. Toa tairi. Dramu ikigoma, ina matundu mawili yenye nyuzi: ingiza boliti mbili za milimita 8, zikaze kwa zamu kidogo kidogo, itasukumwa yenyewe. Nyundo ivumilie kwanza.

Ukifungua, usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Breki nyingi za zamani zilikuwa na asbesto na kwenye spea za bei chee huwezi kujua. Loanisha kwa maji ya sabuni ufute kwa kitambaa.

Kisha tafuta wili silinda, kile kipande cha juu chenye rabba mbili za vumbi pande zote. Inua ukingo wa rabba kwa bisibisi bapa taratibu. Unyevu kidogo mno si ajabu. Yakichuruzika, hiyo imekufa.

Pwani_Raha

Salamu kutoka Mombasa. Niongezee jambo moja kabla hajakaza macho kwenye wili silinda peke yake: afuate paipu ya chuma kutoka mbele hadi nyuma. Huku kwetu chumvi ya bahari inazila, na gari zingine zimekuja na kutu yake kutoka Japani. Kaskazini kule, Hokkaido na mikoa ya theluji, barabara hunyunyiziwa chumvi ya kuyeyusha barafu, nayo hukaa kwenye klipu zinazoshika paipu chini ya bodi. Ukitazama kwa juu paipu ni safi. Ukifungua klipu unakuta imebaki utando tu.

Na hozi za rabba pia. Zikunje kwa mkono, ukiona mipasuko inayofika kwenye nyuzi za ndani, toa. Msaidizi akikanyaga breki na hozi ikafura kama nyoka aliyemeza panya, usiisubiri ipasuke.

Wa_Kitonga

Mimi nina kisa kuhusu hizo paipu. Nilinunua Noah iliyotumika hapa hapa nchini. Breki ilikuwa inashika, ila nikikanyaga kwa nguvu nyuma inataka kwenda upande. Gereji ya kwanza wakasema alaimenti. Ya pili wakaingia uvungu wakakuta paipu ya gurudumu moja la nyuma imekunjwa na kupigwa nyundo hadi ikaziba! Wili silinda ilikuwa inavuja, aliyekuwa nalo akaziba njia akaliuza.

Jamani, najua wengi wanafanya hivyo porini ili wafike nyumbani. Sawa, ufike nyumbani. Lakini gurudumu hilo halina breki, na mteremko wa Kitonga haukusubiri ukumbuke. Ukinunua gari la zamani, mtu aingie uvungu afuate paipu zote kwa kidole.

Korola_ya_Babu

Nimerudi. Rabba ya vumbi ya kulia nilipoiinua yakachuruzika hadi kwenye shuu, zile zinazobana dramu kwa ndani. Ya kushoto ina unyevu kidogo. Paipu nimezifuata, ziko sawa, klipu mbili nimefungua hakuna kutu ya kutisha. Fundi anasema shuu atazikwangua kwa msasa na kuziosha kwa petroli, zitatumika.

Spana_Kumi

Shuu zilizolowa mafuta ya breki zinatupwa. Zinayanyonya, ukiosha leo zinaonekana kavu, zikipata moto yanatoka tena, na gurudumu hilo litakamata ghafla au lisikamate kabisa. Na shuu hununuliwa seti ya pande zote mbili. Upande mmoja mpya na mwingine wa zamani, gari litavuta.

Wili silinda badilisha zote mbili. Zina umri mmoja na maisha mamoja, na ya kushoto imeshaanza kutoa jasho. Kit ya rabba nayo ipo madukani na ni rahisi zaidi, ila inafaa tu kama ndani ya silinda ni laini kama kioo. Ukipitisha kidole ukahisi vishimo vya kutu, rabba mpya italika muda mfupi.

Hatari kubwa ya kazi hii ni nati ya paipu nyuma ya silinda, namba 10. Ipulizie dawa ya kutu uiache ikae. Tumia spana ya nati za paipu, ile yenye mdomo uliofunguka kidogo, inashika pembe zaidi. Spana ya kawaida inaivua pembe, halafu fundi analeta vaisgripu (koleo la kujifunga), halafu paipu inazunguka pamoja na nati na kukatika. Hapo kazi ndogo imeshakuwa ya kutengeneza paipu nzima.

Ikikatika, paipu mpya ipigwe mdomo wa kukunja mara mbili kwa kifaa chake. Mdomo wa kukunja mara moja, au kuunga katikati kwa viungio vya shaba vya kubana kama vya maji au gesi, usikubali.

Dereva_wa_Usiku

Mkuu Spana, DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika? Kwenye duka la spea wananiambia DOT 4 itaharibu rabba za gari la zamani.

Spana_Kumi

Zinachanganyika, zote ni za glaikoli, na haziharibu rabba. Tofauti kubwa ni joto la kuchemka. Kiwango cha chini kwa DOT 3 mpya ni nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 ni 230. Haya mafuta hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya maji kiwango kinashuka: DOT 3 inaruhusiwa kushuka hadi 140, DOT 4 hadi 155. Ndiyo maana mafuta ya miaka mingi yakipata mteremko mrefu yanachemka, mapovu ya mvuke yanajaa, na pedali inakwenda chini bila kuvuja popote. Fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kidumu chako.

DOT 5 pekee ndiyo kabila jingine, ni ya silikoni. Usiichanganye na hizi. Usiichukulie kuwa DOT 5.1 kwa sababu namba zinafanana.

Na chupa iliyofunguliwa ikakaa dukani wakiuza kwa kupima, iache. Nunua ndogo yenye sili.

Korola_ya_Babu

Wakuu, wili silinda mbili mpya, shuu mpya, upepo (hewa iliyoingia kwenye paipu za breki) umetolewa. Nyuma pako kavu kabisa. LAKINI mafuta bado yanashuka! Polepole kuliko mwanzo ila yanashuka. Na pedali kwenye foleni bado inazama. Sasa fundi anasema "si nilikwambia tubadilishe vyote".

Spana_Kumi

Alikuwa na sehemu ya ukweli, ila kalipa zako hazina kosa. Sasa turudi kwenye ule moshi.

Masta silinda imefungwa kwenye busta, lile sufuria kubwa jeusi linalokuongezea nguvu ya kukanyaga. Sili ya nyuma ya masta ikichoka, mafuta hayadondoki chini, yanaingia ndani ya busta. Busta lina hozi ya vakyumu (ya kuvuta hewa) inayokwenda kwenye manifodi, njia ya hewa ya kuingia injini. Mafuta yakijaa humo, injini inayavuta na kuyachoma, na unaona moshi mweupe. Kwa hiyo boksi lako chini ya gari lilikuwa kavu na litaendelea kuwa kavu.

Pima hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, kisha ishikilie kwa nguvu ya kawaida. Ikizama taratibu, mafuta yanapita mahali. Kama hakuna uvujaji kwenye magurudumu wala paipu, mhusika ni masta. Ukiwa bado umekanyaga, washa injini: pedali ikishuka kidogo na kutulia, busta bado linavuta.

Halafu uthibitishe kwa macho. Fungua nati mbili za 12 zinazoshika masta, ivute mbele kidogo bila kufungua paipu, na bila kuzipinda. Weka kitambaa cheupe katikati ya masta na busta; kikilowa, sili ya nyuma inavuja.

Mama_Vitz

Kwa hiyo masta inaweza kuzamisha pedali hata bila kupoteza mafuta?

Spana_Kumi

Ndiyo dada. Ndani mna sili kadhaa. Zile za kati zikichoka, mafuta yanarudi nyuma yakipita pembeni ya pistoni hadi kwenye kidumu. Pedali inazama na kiwango hakipungui. Ya huyu bwana nadhani zimechoka za kati na ya nyuma pia.

Korola_ya_Babu

Kitambaa kimelowa. Nimechomoa hozi ya vakyumu kwenye busta, nikaingiza mpira mwembamba na bomba la sindano, nimevuta mafuta meusi yanayojaza kikombe cha kahawa. Nimeyapima kwenye glasi ya maji, yameyeyuka.

Swali: masta mpya, ya mtumba au kit?

Gasketi_Imeungua

Haya, hedi imenusurika. 😂

Spana_Kumi

Masta ya mtumba siipendi. Imekaa rafu miezi, labda miaka, ndani ina unyevu na kutu changa, na sili zina umri wa gari lako. Kit inawezekana kama silinda ni safi, ila ya alumini yenye mikwaruzo haikwanguliwi, inatupwa. Ukipata mpya yenye jina linaloeleweka, chukua hiyo. Nenda nayo ya zamani dukani mlinganishe kipenyo na idadi ya matundu ya paipu, maana 110 zilitoka za aina tofauti, na zenye ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge) haziko sawa na zisizo nayo.

Kausha busta kadiri uwezavyo. Mafuta yaliyokaa humo hula daiframu, rabba yake ya ndani, kwa hiyo lipime tena baada ya kazi. Likianza kupuliza au pedali ikawa ngumu kama jiwe, zamu yake imefika.

Masta mpya itolewe upepo ikiwa mezani. Ibane kwenye vaisi, jaza mafuta, sukuma pistoni polepole kwa bisibisi ya nyota huku umeziba matundu kwa vidole pistoni ikirudi, hadi mapovu yaishe. Wasiofanya hivi ndio wanaotoa upepo kwenye magurudumu kutwa nzima na pedali bado sponji.

Na kama masta si ya namba ile ile, hakikisha urefu wa fimbo ya busta unakubaliana nayo. Ikisukuma pistoni hata kidogo ukiwa hujakanyaga, breki hazitaachia na magurudumu yatachemka.

Kwenye magurudumu, gari la usukani wa kulia, anza la mbali na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mpira mwangavu kwenye nipo (kile kiskrubu cha kutolea upepo nyuma ya gurudumu), mwisho wake uzame kwenye mafuta ndani ya chupa. Msaidizi anakanyaga na kushikilia, unafungua, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia nipo ikiwa wazi umevuta hewa. Kidumu kisikauke katikati ya kazi.

Masta ikiwa ya zamani weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni. Ile sehemu ya mwisho ya silinda haitumiki siku zote, ina kutu, na sili zikiburuzwa pale zinachanika. Nimeona masta nyingi zikifa siku ya kutoa upepo kwa sababu hiyo.

Wa_Kitonga

Huo ubao wa chini ya pedali ni dhahabu. Mafundi wengi hawausemi.

Korola_ya_Babu

Mrejesho. Masta mpya imefungwa, imetolewa upepo mezani kisha magurudumu yote. Pedali iko juu na ngumu, nikiishikilia haitembei. Moshi wa asubuhi ulibaki mwanzoni, nadhani ni mabaki kwenye hozi, sasa umekwisha. Nilichora alama ya kalamu kwenye kidumu, mafuta hayajasogea. Fundi wangu ameniomba nimtumie uzi huu.

Dereva_wa_Usiku

Kabla hamjafunga: mimi gari langu ni la gia za mkono, kidumu ni kimoja cha breki na klachi. Mafuta yanashuka hadi karibu nusu halafu yanasimama hapo, hayashuki tena. Breki nzuri kabisa. Nayo ni busta?

Spana_Kumi

Hapana, anza na klachi. Kwenye vidumu vya pamoja, tundu la hozi ya klachi huwekwa juu zaidi ya njia za breki, makusudi, ili klachi ikivuja isikaushe breki. Mafuta yakifika usawa wa tundu lile yanaacha kushuka. Inua zulia uangalie fimbo ya pedali ya klachi inapoingia ukutani, kisha uvungu, rabba ya vumbi ya silinda ya chini ya klachi pale kwenye gia boksi. Pote pakiwa pakavu, huenda gari lako ni la zile ambazo silinda hiyo iko ndani ya kengele (kava la mbele) ya gia boksi, na hapo utaona yanachuruzika kwenye maungio ya injini na gia. Gia zimeanza kuwa ngumu kuingia?

Dereva_wa_Usiku

Riversi inalia. Naenda kuinua zulia.